Msusi Naye ni Fundi, Apewe Mkataba na Cheti

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi huanza kufika saluni kwangu hapa Kalenga. Mara nyingi ni mama, wakati mwingine ni baba aliyekatisha palizi akaja na gambuti zake zenye matope. Nyuma yake kasimama binti, macho chini. Tunasalimiana, kamwene, tunaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha ombi linakuja lile lile: "Mama, huyu masomo yamemshinda. Naomba nikuachie, angalau ajue kusuka."

Mzazi huyo simlaumu. Ana mtoto wa miaka kumi na saba au kumi na minane, matokeo hayamfikishi kidato cha tano, na anaogopa yale tunayoyaogopa wote: mimba, ndoa ya haraka, au basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa mtu asiyemjua. Lakini kabla sijamjibu kama nina nafasi, humkaribisha kwenye benchi nikamuuliza: kijana wako wa kiume ungempeleka kwa fundi magari bila kuuliza atajifunza nini, kwa muda gani, na atatoka na nini mkononi? Mbona huyu wa kike unaniachia kama mzigo stendi?

Wengi hunyamaza. Hawajawahi kufikiri kwamba kuna cha kuuliza. Kwao kusuka ni jambo analozaliwa nalo mwanamke, kama kupika ugali, na saluni ni mahali pa kumweka binti asizurure. Mimi nimeishi kwa kazi hii, nimesomesha watoto kwa kazi hii, na nasema ususi ni ufundi kamili. Una kemikali zake, una damu yake, una hesabu zake. Anayejifunza anastahili mkataba ulioandikwa, mafunzo yanayoeleweka na cheti kinachotambulika na Serikali. Kwa sasa wasichana wengi wa vijijini kwetu hawapati hata kimoja katika hivyo vitatu.

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wageni wanaijua kwa makumbusho ya Chifu Mkwawa, lilipo fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watalii husimama pale na magari yao, wakapiga picha, wakaendelea na safari. Sisi tunaobaki ni wakulima wa mahindi, nyanya na vitunguu kando ya Ruaha Mdogo, na wateja wangu ndio hao: mke wa mkulima akiuza nyanya zake, mwalimu, nesi, bibi harusi, mtoto wa komunyo ya kwanza. Hakuna mtalii aliyewahi kuketi kwenye kiti changu, na saluni haijafungwa kwa ajili hiyo.

Nami nilipita njia ile ile ya mabinti wengi wa Iringa. Nilimaliza darasa la saba, nikaja kuchukuliwa na mama mmoja, nikapelekwa Dar es Salaam kulea watoto na kufua. Baada ya muda niliomba ruhusa niwe natoka jioni kwenda kujifunza saluni ya jirani, na ada nikailipa kwa mshahara wangu mwenyewe. Mwenye saluni alipokea pesa yote kwa mara moja. Hatukuandikishana. Miezi ya mwanzo nilifagia nywele, nikafua taulo, nikatumwa chapati na maji ya kunywa. Kusuka nilikojifunza ni kwa kuchungulia kwa pembeni nikiwa nimeshika ndoo. Nilipouliza kwa nini dawa nyingine inaoshwa mapema na nyingine inaachwa, nikaambiwa nitajua mbele ya safari. Siku niliyoondoka sikupewa hata karatasi ya kusema nilipita pale.

Elimu yenyewe niliipata niliporudi nyumbani nikaenda kusoma kozi ya ususi na urembo katika chuo cha ufundi mjini. Hapo ndipo nilipoelezwa kwa nini. Vidole vyangu vilikuwa tayari vinajua kusuka. Chuo kilinifundisha kile kinachotokea ndani ya unywele na kwenye ngozi ya kichwa, kikanifundisha na daftari la mapato. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema ususi hausomewi, naona wazi kwamba hajawahi kushika kopo la dawa akafikiria lina nini ndani.

Hebu tulifikirie hilo kopo. Dawa ya kulainisha nywele, ile wateja wanayoiita dawa tu, mara nyingi imetengenezwa kwa kostiki soda, jamii ile ile ya kemikali wanayotumia akina mama wa vikundi kutengeneza sabuni. Inavunja vifungo vinavyoupa unywele mzunguko wake, unywele unalala. Dawa hiyo haibagui unywele na ngozi. Ikikaa muda wa kuzidi inakula vyote viwili. Kuna makopo mengine yameandikwa kwamba hayana kostiki, na msichana asiyefundishwa anadhani hayo hayaunguzi. Yana kemikali nyingine ya ukali unaokaribiana, nayo inaunguza, na tena inakausha nywele zaidi.

Kwa hiyo kuweka dawa ni mfululizo wa mambo ambayo kila moja lina sababu yake. Unamuuliza mteja alifumua lini na kama amejikuna. Unachambua kichwa chote kwa vidole, nyuma ya masikio na kisogoni, ukitafuta kidonda au mkwaruzo. Unapaka mafuta ya mgando kwenye ngozi, kwenye paji, masikioni na shingoni. Unavaa glavu. Mteja anayeritachi unampaka kwenye nywele zilizoota tu, yale maotea mapya, maana zile za zamani zilishakula dawa na zikirudiwa zitakatika. Unaanzia kisogoni ambako nywele ni ngumu, unamalizia mbele ambako ni laini. Unatazama saa. Akisema inawasha, unaosha saa hiyo hiyo, hungoji anyooke zaidi. Unaosha kwa maji mengi, halafu kwa shampoo ya kuua dawa, tena na tena mpaka povu liwe jeupe, kwa sababu dawa iliyobaki inaendelea kufanya kazi hata mteja akiwa amekwishafika nyumbani kwake. Na baada ya hapo unamwambia arudi baada ya wiki nane au zaidi, hata kama pesa yake unaitamani baada ya wiki nne.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, baridi yetu ya Iringa ikiwa imekolea, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Nzihi. Kesho yake alikuwa na ubatizo wa mjukuu. Alikuwa amefumua rasta asubuhi hiyo hiyo, na alitaka dawa. Mimi nilikuwa nje naongea na mtu, saluni ameshika binti niliyekuwa namfundisha. Nilipoingia nikamkuta ameinamia kichwa cha yule mama, kitana cha mkia mkononi, anatenganisha nywele mstari mmoja mmoja bila haraka. Alikuta vidonda vidogo vitatu, alama za ncha ya kitana wakati wa kufumua, kimoja bado kibichi. Akamwambia kwa adabu, "Mama, shikamoo yako naomba uipokee tena, ila leo dawa sitakuwekea. Hapa na hapa pataungua." Mama akakasirika. Akasema amekuja na pesa yake, na kule mjini wangemwekea bila maswali. Binti hakubishana. Alichemsha maji, akachanganya ya moto na ya baridi kwenye ndoo, akayapima kwa kiwiko kama nilivyomwonyesha, akamwosha taratibu kwa jagi, akampaka mafuta, akamfunga rola kubwa, akamweka kwenye draya. Alipomfungua, nywele zilikuwa zimenyooka vya kutosha kwa kufunga kilemba na kubaki na mawimbi mbele. Mama alilipa. Alirudi baada ya wiki tatu kuweka dawa, na akamtafuta binti yule yule kwa jina.

Pale binti aliikataa pesa ili kumkinga mteja, kwa sababu alijua kitu ambacho mteja hakukijua. Hakukipata kwa kuchungulia. Alifundishwa, akaulizwa maswali, akakosea kwenye kichwa cha plastiki badala ya kwenye kichwa cha mama wa watu.

Kuna na jambo la damu, ambalo mkoani kwetu halipaswi kuzungumzwa kwa kunong'ona. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Sindano ya kushonea wevingi ikimchoma mteja halafu ikachomekwa kwenye kitambaa kumngoja mwingine, wembe wa kuchonga nyusi ukitumika kwa wawili, mashine ya kunyolea ikipita kwenye upele wa mtoto mmoja kisha kichwa cha mwingine: hayo yote ni milango. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi kwenye chombo kikavu kwa siku kadhaa. Mapunye ya watoto yanasafiri kwenye kitana na mashine shule nzima ikaugua. Kusafisha chombo ni somo lenye utaratibu wake, kuosha kwanza kwa sabuni kuondoa uchafu, ndipo dawa ya kuua vijidudu ipate kufanya kazi, na kukiacha humo muda unaotakiwa. Kupitisha pamba yenye spiriti mara moja mbele ya mteja ili aone ni maigizo. Vijana wetu vinyozi nao wanahusika hapa, na wengi wao hawajawahi kukaa darasani hata wiki moja.

Halafu kuna mambo ya polepole. Mteja anayesukwa kwa kuvutwa hadi macho yanainuka hupoteza nywele za pajini, kidogo kidogo, mpaka siku moja paji limepanda na halishuki tena. Watoto wadogo wanaotokwa na vipele kwenye mistari ya msuko huwa wanalia, mama anawaambia wavumilie uzuri. Msusi aliyesoma ndiye anayepaswa kumwambia mama huyo alegeze. Bibi zetu waliosuka twende kilioni na mabutu barazani jioni walikuwa na mkono mwepesi kwa sababu walisuka nywele zenyewe, hazikuunganishwa na kitu. Leo tunaning'iniza uzito wa rasta kwenye unywele mwembamba, na mkono wa bibi peke yake hautoshi.

Ongeza na hili, ambalo watu wa mipango huwa hawalioni. Katika shule zetu nyingi za serikali wasichana hunyoa kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Kwa hiyo binti anayeletwa kwangu Januari, mara nyingi hajawahi kuwa na nywele zake mwenyewe za kuchana. Hajui maumivu ya kufumua, hajui nywele zikilowa zinavutika kiasi gani kabla ya kukatika. Anaanza sifuri. Mzazi anayedhani mwezi mmoja utatosha anamdanganya mtoto wake, na mwenye saluni anayechukua ada ya mwezi mmoja akasema utatosha anawaibia wote wawili.

Mimi sasa simpokei binti bila maandishi. Ni karatasi moja ya daftari, nakala mbili. Tunaandika muda, ada na italipwa kwa awamu ngapi, siku za kazi na siku ya kupumzika. Tunaandika nitakachomfundisha kwa mpangilio: usafi wa vyombo na kuosha nywele, kusuka kwa mkono na kwa uzi, rasta na wevingi, dawa, rangi, kuseti, kisha kupokea wateja na kuandika mapato. Tunaandika kwamba kufagia tunafagia wote, na kwamba kuanzia atakapoanza kushika mteja peke yake atapata sehemu ya pesa ya kazi hiyo. Mzazi anasaini, binti anasaini, mimi nasaini, na tunakwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji kugongewa muhuri. Wenzangu wawili watatu mwanzoni walisema najifunga mwenyewe. Nadhani wamebadili mawazo, kwa sababu mabinti wenye karatasi hawatoroki katikati.

Lakini muhuri wa kijiji haumfikishi mbali. Akienda Mbeya, Makambako au Dodoma kuomba kazi, hakuna anayemjua mtendaji wetu. Anahitaji cheti cha nchi, na hapo ndipo ninapotaka Serikali inisikilize.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ususi na urembo ni fani inayotambulika katika mfumo wake, kwa ngazi kama fani nyingine. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vyake kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Hiyo si ada ya kumshinda mkulima wa nyanya. Kinachomshinda ni vingine: nafasi chache, fani yenyewe kutokuwepo katika kila chuo, nauli au chumba cha kupanga mjini, na orodha ya vifaa ambayo binti anatakiwa kwenda navyo, vitana, klipu, rola, taulo, kichwa cha mazoezi, pasi, glavu. Mzazi akijumlisha anarudi kwenye benchi langu.

Tangu 2023 Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo. Nimefurahi kwa moyo wote. Naomba tu wanaopanga fani za kuanza nazo wasiishie kwenye umeme, uashi, uchomeleaji na ushonaji, kisha ususi ukawekwa kwenye chumba cha ziada chenye viti viwili na kioo kimoja. Karakana ya ususi inataka maji ya bomba ya moto, mabeseni ya kuoshea, umeme wa kutosha kuwasha draya kadhaa kwa pamoja, dirisha la kutoa harufu ya kemikali, na bajeti ya dawa za mazoezi kila muhula. Mwalimu wa uchomeleaji hafundishi kulehemu kwa picha. Vivyo hivyo huwezi kufundisha dawa kwa kuisoma ubaoni.

Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na shule za kwanza zilianza nao 2024. Wasichana wanaanza kujifunza ufundi wakiwa kidato cha kwanza, kabla matokeo hayajawaita waliofeli. Hili nililingoja siku nyingi. Ila kama shule yenye mkondo huo itafundisha urembo huku ikiwalazimisha wasichana wote kunyoa, basi walimu wakae na wakuu wa shule waamue watajifunzia nywele za nani.

Na wale walio tayari mtaani? Hao ndio wengi. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA na Ofisi ya Waziri Mkuu wameusimamia: fundi anapimwa kwa vitendo, anajazwa pale penye pengo kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Ninaowajua mimi walionufaika nao ni waashi, maseremala na mafundi magari, karibu wote wanaume. Sijaona mtathmini akija Kalenga, wala Ifunda, wala Idodi, kuwapima wasusi. Kazi ya kumpima msusi ni rahisi kupeleka kijijini kuliko ya kumpima fundi magari. Anahitaji kiti, maji, kichwa cha mtu aliyekubali, na mtathmini mwenye macho.

Jirani zetu wanafanya. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kwa madaraja matatu, na msusi wa mtaani anaweza kuifanya bila kupita chuoni. Uganda nako mafundi wa mtaani wamekuwa wakitahiniwa kwa vitendo, ususi ukiwemo, hata wasio na vyeti vya shule. Na Wajerumani, ambao babu zetu hapa Kalenga waliwajua kwa mizinga iliyoiteka ngome ya Mkwawa Oktoba 1894, kwao msusi hujifunza kwa miaka mitatu. Anakuwa na mkataba na mwenye saluni, anafanya kazi saluni na anakwenda chuo cha ufundi, na kwa muda wote huo analipwa. Halipi yeye. Akitaka kufungua saluni yake, kwa kawaida anatakiwa kuwa na cheti cha juu cha umahiri, kinachoitwa Meister. Sisemi tuige kila kitu. Saluni yangu haiwezi kumlipa mwanagenzi mshahara wa miaka mitatu. Nasema kwamba nchi yenye viwanda vya magari imeona kichwa cha binadamu kinastahili fundi aliyetahiniwa, na sisi tunaona kinatosha aliyechungulia.

Wala Serikali haiwezi kusema haituoni. Katika bajeti ya 2019/20 iliiona kazi yetu vizuri, ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa nywele bandia zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazoingizwa kutoka nje. Bei zikapanda mpaka kwenye maduka ya Iringa, na tuliomweleza mteja ni sisi. Kazi inayotozwa ushuru ni kazi inayostahili mafunzo. Mwaka huo huo wa 2019 udhibiti wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS. Ningependa wakaguzi wake wawe wanapita kwenye saluni za vijijini kutufundisha kusoma lebo, tarehe ya mwisho na alama za ubora, kabla ya kupita kunyang'anya.

Fedha za kuanzia zipo kwenye sheria. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Mabinti waliomaliza kwangu wakaunda kikundi wanaulizwa andiko la mradi na uthibitisho wa ujuzi. Andiko nawasaidia. Uthibitisho wa ujuzi ndicho hicho cheti ambacho hakuna aliyekuja kuwapimia. Naomba ofisi ya maendeleo ya jamii na VETA wakae meza moja walitazame hili, maana ni kamba moja inayofunga pande zote mbili.

Nataka pia wazazi wajue hesabu, kwa sababu najua ndiyo inayoamua. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022 iliweka Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Hapa kijijini kichwa cha rasta, mkono peke yake, natoza Sh15,000, na binti mwenye ujuzi anakimaliza kwa siku moja. Sisemi kila siku kuna mteja. Februari ni kavu kabisa, pesa yote imekwenda kwenye ada na mbolea. Juni na Julai watu wanaogopa maji. Lakini Pasaka, Desemba, msimu wa kipaimara na harusi, na wiki ambazo nyanya zina bei, unakosa nafasi ya kula. Msusi mwenye daftari anaweka ya Desemba ili impitishe Februari, na hilo nalo tunalifundisha, kwa sababu nimewaona wenye mikono ya dhahabu wakifunga saluni kwa kutojua kodi ya chumba itatoka wapi.

Na binti aliyejifungua akiwa shuleni asiachwe nje ya mazungumzo haya. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana hao kurudi darasani, na anayetaka kurudi arudi. Asiyetaka, au aliyekwishapitwa na umri, aweze kujifunza ufundi huku mtoto wake amelala kwenye mkeka pembeni. Saluni yangu ina mkeka huo, na mama wa mtoto anafanya mtihani ule ule kama wengine.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. VETA Iringa na Halmashauri ya Wilaya, pangeni siku mje Kalenga na watathmini wa ususi. Chumba nitakitoa mimi, wasusi wa kata jirani nitawaita mimi, na vichwa vya kufanyia mtihani havitakosekana. Mkipata kumi wanaofaa, wapeni vyeti vyao. Mkipata kumi wasiofaa, tuambieni wapi pamepungua, na mtupangie mafunzo.

Nawe mzazi unayemshika binti mkono kumpeleka saluni yoyote, yangu au ya mwingine, omba kuona karatasi ya mkataba kabla hujatoa hata shilingi. Uliza atafundishwa lini dawa, na nani atamsimamia siku ya kwanza atakapoishika. Uliza vyombo vinasafishwaje, na uonyeshwe. Mwenye saluni akikwambia hayo hayakuhusu, mchukue mtoto wako mwende kwingine.

(Mwandishi ni msusi na mmiliki wa saluni Kalenga, Iringa.)